Ufunguo wa Barua Yako Ushike Mwenyewe

Leo naanza kwa kukiri kosa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi hodari wa Kiswahili, binti wa Kidato cha Nne katika shule yetu hapa mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya. Insha zake nilizisoma mbele ya darasa. Barua rasmi aliiandika kwa mpangilio usio na dosari: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, mada iliyopigiwa mstari, maamkizi, kisha mwishoni sahihi na jina. Nilimpa alama zote 20, jambo nisilolifanya mara nyingi. Alipomaliza Kidato cha Sita alinijia nyumbani akaniambia kwamba ameona tangazo la ufadhili wa masomo, kwamba fomu yake hujazwa mtandaoni, na kwamba inadai anwani ya barua pepe. “Mwalimu, mimi sina,” akasema. Ilikuwa siku ya soko nami nilikuwa na haraka zangu. Nikamjibu: “Nenda mjini kwenye mkahawa wa intaneti, yule kijana atakufungulia.”

Akafunguliwa, kwa shilingi 5,000. Kijana akabuni anwani, akabuni nywila, akaandika nambari yake mwenyewe ya simu pale palipoulizwa nambari ya kurejesha akaunti, akajaza fomu na kuituma. Binti akarudi nyumbani na kipande cha karatasi chenye anwani ile. Nywila hakupewa, wala hakujua kwamba kuna kitu cha kupewa. Alingoja. Wiki zilipozidi aliukumbuka ule mkahawa, akarudi, akakuta kijana amehamia Kampala na chumba kile kimekuwa duka la vipuri vya pikipiki. Alipofanikiwa kuipata ofisi yenyewe kwa simu, aliambiwa kwamba mwaliko wa usaili ulitumwa kwake kwa barua pepe, na kwamba usaili ulikwisha siku 11 zilizotangulia.

Ni rahisi kumlaumu yule kijana wa mkahawa, na lawama yake ipo. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha binti huyu kuandika barua kwa miaka minne. Nilimfundisha mahali pa kuweka koma baada ya maamkizi. Sikuwahi kumwambia kwamba barua ya siku hizi huingia kwa mlango, kwamba mlango huo una ufunguo, na kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye barua.

Ndiyo maana nashikilia maoni ambayo baadhi ya walimu wenzangu huyacheka: mwanafunzi asimalize Kidato cha Nne kabla hajawa na anwani ya barua pepe ambayo ameifungua kwa mikono yake, ambayo nywila yake anaijua yeye peke yake, na ambayo ameitumia kuandika angalau barua moja rasmi na kupata jibu. Kazi hii tusimwachie mwalimu wa kompyuta peke yake, kwa sababu si kila mwanafunzi anayesoma kompyuta. Barua ni somo letu sisi walimu wa lugha tangu zamani. Iweje ilipobadilisha njia ya kusafiri tukaitupa mkono?

Wenzangu hunijibu kwamba mtandao unaharibu vijana. Shule nyingi hapa nchini haziruhusu simu bwenini wala darasani, na sababu zake nazifahamu. Nimewahi kunyang'anya simu iliyofichwa ndani ya mkate. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba tunamzuia mwanafunzi asiuguse mtandao kwa miaka sita, kisha siku anapotoka langoni tunamtaka aujue wote. Pasipoti ya Uganda leo huombwa kwa fomu ya mtandaoni. Kujiunga na Chuo Kikuu cha Makerere huombwa mtandaoni. Mkopo wa bodi ya serikali inayowafadhili wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoanza kukopesha mwaka 2014, nao huombwa mtandaoni. Kila mlango kati ya hiyo unauliza swali lile lile: anwani yako ya barua pepe ni ipi? Na mtoto wetu anakwenda kumuuliza kijana wa mkahawa.

Hapo sijagusia korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote hayakufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yalitangazwa redioni, mengine yakachapishwa katika magazeti. Mimi nilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60 katika kidato kimoja, na waliokuwa na anwani ya barua pepe ninayoweza kuitumia walikuwa wanne. Wawili kati ya hao walitumia anwani za baba zao, nami nikawa namwandikia baba mtu mazoezi ya ngeli.

Basi, wewe unayejifunza Kiswahili na unayesoma maneno haya, pengine kwa kuazima simu ya dada yako, hebu tuzungumze namna ya kuimiliki anwani yako.

Anwani yenyewe ina pande mbili, na katikati ipo alama ya @, ambayo mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971 alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Upande wa kushoto ni jina lako, upande wa kulia ni nyumba inayokutunzia barua. Upande wa kulia huna uwezo nao mkubwa. Upande wa kushoto ni wako, na hapo ndipo vijana wengi hujiharibia. Nimepokea kazi za wanafunzi kutoka kwa mtu anayejiita Simba Mkali 256, na kutoka kwa mwingine ambaye jina lake siwezi kulirudia mbele ya wazazi. Leo linachekesha. Kesho utaliandika kwenye fomu ya kazi, na mtu asiyekujua atalisoma kabla hajasoma alama zako. Tumia majina yako mawili kama yalivyo kwenye cheti chako cha mtihani. Kama yamekwisha kuchukuliwa na mwingine, ongeza herufi ya kwanza ya jina la tatu. Mwaka wako wa kuzaliwa usiuweke, kwa sababu hiyo ni siri ndogo ambayo matapeli huithamini.

Sasa nywila, au nenosiri, kama programu nyingi zinavyoiita. Hapa sisi wapenzi wa Kiswahili tuna jaribu letu maalumu: tunapenda methali. Usifanye methali kuwa nywila. “Harakaharakahainabaraka” ni ndefu na inapendeza, lakini kila aliyepita darasa la Kiswahili kuanzia Mombasa hadi Bukavu anaijua, na mashine za kubahatisha nywila hulishwa maneno yanayojulikana. Usitumie pia jina la mama yako, wala nambari ya simu. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana kabisa, uyaunganishe: kwa mfano embe, ngazi, mbuni, kijiko. Akilini mwako chora picha ya mbuni aliyepanda ngazi akila embe kwa kijiko, nawe hutaisahau. (Mfano huu sasa umeuona hapa, kwa hiyo nao haufai tena.) Urefu wa nywila hulinda zaidi kuliko alama za ajabu ambazo wewe mwenyewe utazisahau kabla ya likizo kwisha. Ukiona lazima uiandike, iandike katika daftari linalobaki nyumbani, si nyuma ya kitabu cha Kiswahili unachokiazimisha.

Pale panapoulizwa nambari ya simu ya kurejesha akaunti, usikubali iwekwe ya mtu baki. Najua ugumu uliopo: kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea, na laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, hivyo wengi wenu hamna laini zenu. Weka ya mzazi au mlezi unayeishi naye, na siku utakapopata yako, badilisha siku hiyo hiyo. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na nambari yake yaweza kupewa mtu mwingine. Basi na ufunguo wa akiba wa nyumba yako umeenda naye.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: nyumba ya barua pepe isiyofunguliwa mlango hubomolewa. Google, ambao ndio wenye Gmail, walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Kwa mwanafunzi anayefungua akaunti mwishoni mwa Kidato cha Nne, kisha akakaa bwenini kwa miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, hesabu hiyo ni ya karibu mno. Kila likizo, ingia hata kwa dakika tano. Barua ya maneno matupu haili fedha nyingi. Ushuru wa asilimia 12 uliowekwa juu ya data tangu Julai 2021 unatuuma sote, lakini video moja ya kuchekesha inakula kuliko mamia ya barua.

Unapotumia kompyuta ya shule au ya mkahawa, kivinjari kitakuuliza kwa upole kama kikuhifadhie nywila. Kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha tu hakutoshi, kwani atakayekaa kwenye kiti hicho baada yako atakuta barua zako zimefunguka kama mlango wa kanisa. Nawe ukikuta za mwenzako zimefunguka, zifunge bila kuzisoma. Sisemi hivi kwa adabu tu. Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu: nyumba yake, barua zake na mawasiliano yake. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inafanya kuwa kosa la jinai kuingia bila idhini katika data za mwingine. Wanafunzi hufikiri sheria hizi zinahusu majambazi wa benki. Zinahusu pia kijana anayefungua kikasha cha mpenzi wake wa zamani.

Ufundishwe pia kusoma anwani kabla ya kuiamini, kwa maana matapeli wa ufadhili wanazijua ndoto zetu. Anwani ya tovuti isome kutoka kulia, ukianzia kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Chukua mak.ac.ug: ug ni Uganda, ac ni vyuo, mak ni Makerere. Ofisi za serikali huishia kwa go.ug. Mtu akikuandikia kwamba yeye ni wizara, huku anwani yake baada ya alama ya @ ni ile ile ya bure unayoitumia wewe, mtilie shaka. Mtu yeyote anaweza kununua jina linaloishia kwa com na kutanguliza humo jina la chuo kikuu chochote akitakacho. Akikwambia umeshinda ufadhili ambao hukuuomba, na kinachobaki ni kutuma shilingi 50,000 kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, basi futa. Ada halali hulipwa benki au kwa njia rasmi iliyotangazwa katika tovuti ya chuo chenyewe.

Sasa nifike kwenye uwanja wangu, yaani barua yenyewe. Barua pepe zinazonifikia kutoka kwa wanafunzi ni za aina mbili. Ya kwanza haina mada wala neno, ina kiambatisho tu, kama mtu aliyekutupia bahasha mlangoni akakimbia. Ya pili imeandikwa kama soga: “tichaa mambo, nmekutumia ile kitu.” Zote mbili zinatoka kwa watoto ambao kwenye karatasi ya mtihani wangeandika “Kwa heshima na taadhima”. Hawana upungufu wa adabu. Hawajaambiwa tu kwamba ni barua ile ile.

Kwa kweli barua pepe imeturahisishia. Wale mliozoea kubishana kama mada iandikwe YAH kwa mtindo wa Tanzania, au KUH, au MINT kama wanavyopenda baadhi ya majirani zetu wa Kenya, ugomvi umekwisha: mstari wa mada upo tayari, jaza tu. Anwani yako na tarehe hujiandika zenyewe, na ya mwandikiwa huijaza mahali pake. Kinachobaki ni maamkizi, jambo, shukrani na jina. Tazama:

Mada: Ombi la kutumia maabara ya kompyuta siku za Jumamosi

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu, tunaomba ruhusa ya kutumia maabara ya kompyuta kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana, ili tujifunze kuandika barua pepe. Mwalimu wetu wa Kiswahili amekubali kuwa pamoja nasi. Orodha ya majina yetu tumeiambatisha. Tutashukuru tukipata jibu kabla ya Ijumaa.

Wako mtiifu,

Hapo utaweka jina lako kamili na kidato chako. Angalia kwamba mada inasema jambo lenyewe. Neno “Ombi” peke yake halimwambii mkuu wa shule kitu. Angalia kwamba kiambatisho kimetajwa ndani ya barua, na kabla ya kutuma hakikisha kweli umekiambatisha. Mimi mwenyewe huambatisha kwanza ndipo niandike, baada ya kuaibika mara tatu. Faili nalo liite jina linaloeleweka, si “hati mpya 3”.

Utaniambia kwamba ofisi nyingi za Uganda zitataka uandike kwa Kiingereza. Ni kweli. Kiswahili kimo katika Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini katika kaunta za wilaya bado hukisikii sana. Hata hivyo mpangilio wa barua uliojifunza kwa Kiswahili unahamia Kiingereza bila taabu, na zipo ofisi ambako Kiswahili chako kitakuwa ndicho kitambulisho chako: Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, vyuo vya Dar es Salaam na Nairobi viko umbali wa kubofya mara moja, na huko hawatakucheka ukiandika “Shikamoo”. Pia badilisha lugha ya Gmail iwe Kiswahili. Utakutana kila siku na kikasha, rasimu, barua taka na zilizotumwa, na msamiati huo utakuingia bila mimi kukupa jaribio.

Raia naye ana sababu yake ya kuandika. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazohatarisha usalama wa taifa au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la maandishi ndani ya siku 21. Wazia mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayemwandikia ofisa elimu wa wilaya, kwa adabu, akiuliza ni kiasi gani cha fedha za ruzuku kilichotumwa shuleni kwao muhula huu. Barua ya karatasi yaweza kupotea chini ya faili. Barua pepe inabaki katika zilizotumwa, na tarehe na saa yake, nawe siku ya 22 unaweza kuandika tena ukaitaja. Sijamwona mwanafunzi wangu akifanya hivyo bado. Nimeona wazazi wakilalamika langoni kwa miaka mingi, kwa mdomo, na maneno yao yakaenda na upepo.

Vifaa vya kujifunzia si kwamba havipo kabisa. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kupitia mfuko wake wa huduma za vijijini, imejengea shule nyingi za serikali maabara za kompyuta. Nimezuru baadhi. Katika nyingine vitambaa vya kufunikia kompyuta vimeshonwa vizuri kuliko pazia za ofisi ya mkuu wa shule, na vumbi juu yake linaonyesha lini vilifunuliwa mara ya mwisho. Ufunguo hukaa na mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi yuko safarini. Kwetu tumepewa Jumamosi mbili kwa mwezi, umeme ukiwepo. Wanafunzi watatu hukaa kwenye kompyuta moja, na wakati wa kuandika nywila wawili hugeuka ukutani. Wamelizoea hilo sasa, wanacheka na kuhesabu hadi 20.

Yule binti alirudi mwaka uliofuata, tangazo la ufadhili lilipotoka tena. Safari hii sikumtuma mjini. Tuliketi maabarani mchana wa Jumamosi, nikamwelekeza kwa mdomo na mikono yangu nikaiweka mfukoni. Aliandika majina yake mawili na herufi ya tatu. Ilipofika zamu ya nywila alisita, akanitazama, kisha akaigeuza kidogo skrini upande wake. Nikaenda dirishani kutazama wavulana waliokuwa wakicheza mpira, nikakaa huko mpaka aliponiita.